Dhahabu Inayopima Uchachu Ndani ya Seli



Mtu akifika zahanati na homa, mhudumu humtoboa kidole, huchukua tone la damu na kulidondosha kwenye kile kipande cha plastiki cha kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya robo saa hivi mistari hujitokeza. Mmoja unaonyesha kwamba kipimo ni kizima. Wa pili, ukitokea, unasema kwamba mgonjwa ana malaria. Mistari ile ni myekundu, na wengi hudhani wekundu huo umetokana na damu au wino. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu huo ni dhahabu. Ni dhahabu ile ile ya pete na vidani, ila imetengenezwa katika chembe ndogo mno hata imepoteza unjano wake.

Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukichukua chembe 1,000, kila moja ikiwa na upana wa nanomita 50, ukazipanga mstari mmoja, mstari wote utafikia upana wa unywele mwembamba. Katika udogo huo, elektroni za dhahabu huyumba kwa pamoja zinapopigwa na nuru, na myumbo huo humeza nuru ya kijani. Inayobaki kufika machoni mwetu ni nyekundu. Mwanasayansi Michael Faraday aliuona wekundu huu huko London, na mwaka 1857 akatoa mhadhara kuhusu maji mekundu ya dhahabu aliyoyatengeneza mwenyewe. Alitambua kwamba rangi ile ilitoka kwenye chembe za dhahabu ambazo hakuna darubini ya wakati wake iliyoweza kuzionyesha. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa katika taasisi ya Royal Institution, na maji yake ni mekundu hadi leo.

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi nyingine ya chembe hizi. Kazi hii bado imo mikononi mwa watafiti, lakini naiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa za kemia ya zama zetu: kupima uchachu, yaani pH, ndani ya seli iliyo hai, mahali ambapo hakuna kifaa cha kawaida kinachoweza kupenya.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na wenye kiwanda cha bia. Sørensen alikuwa akichunguza vimeng'enya, na alihitaji namna rahisi ya kueleza wingi wa ayoni za haidrojeni katika kimiminika, kwa kuwa vimeng'enya hufanya kazi vizuri au vibaya kutegemea wingi huo. Ayoni ya haidrojeni ni protoni moja tu. Pakiwa na protoni nyingi, tunasema pana asidi, na namba ya pH inashuka. Zikipungua, namba inapanda. Saba iko katikati. Lakini tukumbuke kwamba kila hatua moja ya namba hiyo ni mara kumi. Kimiminika chenye pH 5 kina protoni huru mara 100 kuliko chenye pH 7. Damu yetu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka nje ya mpaka huo mwembamba, mgonjwa yuko hatarini.

Kifaa cha kawaida cha kupimia pH kina kichwa cha kioo unachokitumbukiza katika kimiminika. Kifaa hicho kinatosha kabisa kwa maji ya kisima, maziwa, udongo uliolowekwa au damu iliyo ndani ya chupa. Kinatosha kwa sababu vitu hivyo vinachanganyika. Mpishi akionja mchuzi kwa kijiko kimoja hujua chumvi ya sufuria nzima, maana mchuzi umekorogwa. Seli haijakorogwa. Seli ina vyumba, kila chumba kina ngozi yake, na kila ngozi ina pampu zinazosukuma protoni upande mmoja au mwingine kwa gharama ya nishati. Katika maji ya jumla ya seli pH ni takribani 7.2. Ndani ya mitokondria, pale nishati inapotengenezwa, inakaribia 8. Ndani ya lisosomu, chumba cha kusagia taka na chakula cha seli, inashuka hadi kati ya 4.5 na 5. Ukizisaga seli hizo zote na kupima maji yake, utapata namba moja safi, na namba hiyo haitakuwa ya chumba chochote.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Wastani wa seli nzima hautuambii kinachotokea mahali dawa inapofanyia kazi, wala mahali ugonjwa unapojificha. Na jambo hili si la vitabuni tu. Sisi wa Afrika Mashariki limetugusa kupitia klorokwini.

Wenye umri wanaikumbuka dawa hiyo: uchungu wake mdomoni, muwasho wake mwilini, na jinsi ilivyokuwa rahisi kupatikana hata dukani kwa mangi. Kwa miongo mingi ilikuwa ngao yetu dhidi ya malaria. Usugu ulipoenea, Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001. Ilifuata dawa iitwayo SP, kisha ikaja dawa mseto tunayoitumia leo.

Klorokwini ilikuwa ikifanya nini? Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini. Huila ndani ya chumba chake cha kusagia chakula, chenye upana wa mikromita moja au mbili, na chumba hicho kina asidi, pH ikiwa 5 na kitu hivi. Katika kusaga huko hubaki hemu, yaani ile sehemu ya himoglobini yenye chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kimelea hujiokoa kwa kuigandisha hemu iwe fuwele zisizodhuru. Klorokwini huzuia mgando huo, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake.

Sasa tazama jinsi dawa inavyofika pale. Molekuli ya klorokwini ikiwa haina chaji hupita kwenye ngozi za seli bila shida. Ikiingia katika chumba chenye asidi, inadaka protoni, inapata chaji, na mlango uliopitika wakati wa kuingia haupitiki tena wakati wa kutoka. Molekuli nyingine inaingia, na nyingine, zote zinanaswa. Dawa hurundikana humo maelfu ya mara kuliko ilivyo nje. Kinachochangia sana kuirundika ni tofauti ya pH kati ya chumba kile kimoja na mazingira yake.

Ndiyo maana usugu ulipotokea, swali la kwanza la watafiti wengi lilikuwa hili: je, uchachu wa chumba kile umebadilika katika vimelea sugu? Walipima kwa rangi zinazong'aa, na vipimo tofauti vilileta majibu yanayopingana. Wengine walisema umeongezeka, wengine walisema umebaki vile vile. Mwaka 2000 ilibainika kwamba mzizi wa usugu ni badiliko katika jeni iitwayo PfCRT, jeni ya protini iliyoko kwenye ngozi ya chumba hicho hicho, na baadaye ikaonekana kwamba protini iliyobadilika huitoa klorokwini nje. Lakini ule ubishi wa pH ulidumu miaka mingi, na sababu yake mojawapo ni kwamba kupima mahali padogo hivyo ni kazi ngumu sana.

Ugumu wenyewe tunaweza kuukokotoa. Chukua kifuko kidogo cha seli chenye upana wa nanomita 100. Kama ndani yake pH ni 5, hesabu inaonyesha kwamba kina protoni huru kama tatu. Tatu tu. Kama pH ni 7, wastani ni 0.03. Maana yake ni kwamba ukiweza kukipiga picha 100 kwa nyakati mbalimbali, utakuta protoni huru katika picha tatu hivi, na katika picha nyingine zote hakuna hata moja.

Mtu anaweza kuuliza: sasa pH ya mahali kama hapo ina maana gani? Ina maana, ila lazima tuifikirie kwa njia nyingine. Protoni hazikai huru kwa muda mrefu. Zinaruka kutoka kwenye maji kwenda kwenye protini, kutoka kwenye protini kwenda kwenye fosfeti, na kurudi, kwa kasi isiyosemeka. Zilizoshikwa ni nyingi kuliko zilizo huru. Kwa hiyo pH ya mahali padogo ni habari ya muda: kitu chenye uwezo wa kushika protoni, kikiwekwa hapo, kitakuwa kimeishika kwa sehemu gani ya wakati wake? Kifaa cha kupimia hapo hakihitaji kuhesabu protoni. Kinahitaji kuzishika na kuziachia, huku kikituarifu mara ngapi kimeshika.

Chembe ya dhahabu ikiandaliwa vizuri hufanya hivyo hasa. Watafiti huivika molekuli ndogo iitwayo asidi ya merkaptobenzoiki. Molekuli hiyo ina ncha mbili. Ncha moja ina salfa, na salfa hung'ang'ania dhahabu. Ncha ya pili imeelekea nje, na ni kikundi cha asidi kinachoshika protoni penye uchachu na kuiachia pale uchachu unapopungua. Maelfu ya molekuli hizo husimama juu ya chembe moja, na kila moja iko katika hali moja kati ya mbili: imeshika au imeachia.

Tutazijuaje hali hizo? Hapa tunamhitaji C. V. Raman, mwanafizikia wa India, ambaye mwaka 1928 huko Calcutta alionyesha kwamba nuru ya rangi moja ikipiga molekuli, sehemu ndogo mno ya nuru hiyo hurudi ikiwa na rangi iliyobadilika kidogo. Badiliko hilo hutokana na mitetemo ya molekuli yenyewe, na kila molekuli ina mitetemo yake. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930. Shida ya nuru hiyo ni uchache wake, kadiri ya chembe moja ya nuru katika milioni kumi. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walipata nuru ya Raman yenye nguvu ya ajabu kutoka kwenye molekuli zilizoshika uso wa madini ya fedha uliokwaruzwa. Mwaka 1977 ilithibitishwa kwamba uso ule ulikuwa umekuza nuru kiasi cha mara milioni moja. Ule myumbo wa elektroni unaozipa chembe za dhahabu wekundu wao ndio pia unaokuza sauti ya molekuli zilizosimama juu ya metali.

Basi vyote vimekutana. Miale ya leza huelekezwa kwenye chembe iliyo ndani ya seli. Chembe hukuza nuru ya molekuli zilizoivika. Nuru inayorudi hutandazwa kwa rangi zake, na mistari huonekana. Mmoja kati ya mistari hiyo, ulio karibu na namba 1,420 katika vizio vya Raman, hutoka kwenye ncha iliyoachia protoni. Uchachu ukipungua, mstari huo hukua. Mistari mingine miwili, karibu na 1,080 na 1,590, hutoka kwenye pete ya kaboni ya molekuli, na hiyo haijali sana habari za protoni. Mtafiti hugawanya ukubwa wa mstari unaobadilika kwa ukubwa wa mstari usiobadilika. Uwiano unaopatikana ndio unaogeuzwa kuwa pH.

Uzuri wa uwiano ni huu: leza ikififia, mistari yote hufifia pamoja, na uwiano hubaki. Chembe zikiwa mbili badala ya moja, mistari yote hukua pamoja, na uwiano hubaki. Jibu halitegemei mng'ao. Rangi za kung'aa zilizotumika kabla zina tabia ya kuchuja zinapomulikwa kwa muda. Hata hivyo tusizibeze, kwani mwaka 1978 Shoji Ohkuma na Brian Poole walizitumia kupima lisosomu ndani ya seli hai, wakapata pH ya 4.7 hadi 4.8, tena wakaonyesha kwamba klorokwini huipandisha. Mstari wa Raman huvumilia kumulikwa kwa muda mrefu zaidi, na hilo ni muhimu kwa anayetaka kufuatilia chumba kimoja dakika baada ya dakika.

Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, huko California, walizivika chembe za madini ya fedha molekuli hiyo na kuziingiza ndani ya seli hai zilizotokana na mnyama mdogo aitwaye hamsta. Chembe ziliendelea kutoa ishara humo ndani. Mwaka 2006 kundi la Naomi Halas katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, lilitumia chembe zenye ganda la dhahabu, likapima pia jinsi kifaa hicho kinavyoaminika: kosa lake la wastani lilikuwa 0.10 ya pH. Mwaka uliofuata, Janina Kneipp na wenzake walieleza njia inayotumia chembe mbili za nuru kwa pamoja, ambayo ilipanua upeo wa kipimo hadi kwenye asidi kali zaidi.

Naipenda kazi hii, na kwa sababu naipenda sitaificha mipaka yake. Chembe ikiingia ndani ya seli, protini huivamia na kuifunika, na kifuniko hicho kinaweza kubadilisha kile molekuli zake zinachokisikia. Molekuli zilizobanana juu ya dhahabu haziachii protoni katika pH ile ile ambayo zingeachia zikiwa huru majini, kwa hiyo kipimo lazima kisawazishwe kikiwa tayari juu ya chembe. Leza yenye nguvu kupita kiasi hupasha joto, na inaweza hata kukikata kile kikundi cha asidi kutoka kwenye molekuli yake. Fedha hutoa ayoni zinazodhuru seli, ndiyo sababu wengi hupendelea dhahabu. Halafu seli humeza chembe kwa kuifunga katika kifuko, na mara nyingi huipeleka lisosomu. Mtafiti atajua vizuri uchachu wa lisosomu, lakini kuipeleka chembe ile katika chumba anachokitaka yeye ni kazi nyingine. Kuhusu chumba cha chakula cha kimelea cha malaria, kilichofichika ndani ya kimelea kilichofichika ndani ya chembe ya damu, njia ni ndefu zaidi.

Pamoja na hayo, faida inaonekana. Maji yanayozunguka seli za uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na pH kati ya 6.5 na 6.9, chini ya ile ya tishu yenye afya, na uchachu huo hautapakai sawa. Sehemu moja ya uvimbe hutofautiana na nyingine. Wapo wanaotengeneza dawa za kufunguka penye uchachu tu. Dawa ya namna hiyo haiwezi kuaminika mpaka tujue uchachu uko wapi hasa, na kwa kiasi gani.

Nawageukia walimu na wanafunzi wa kemia wanaonisikiliza. Msidhani kazi hii ni ya wenye mashine za mamilioni peke yao. Mashine ya Raman ni ghali, kweli. Lakini njia ya kutengeneza chembe za dhahabu iliyoelezwa na John Turkevich mwaka 1951 inahitaji chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa, sitreti ya sodiamu, maji safi sana, chombo kilichosafishwa kwa uangalifu mkubwa, na moto wa kuchemshia. Maji hugeuka na kuwa mekundu mbele ya macho. Zipo pia chembe zinazovikwa molekuli ambazo uchachu ukibadilika huzifanya zikusanyike, na maji mekundu yakageuka kuwa ya buluu, jambo ambalo jicho tupu linaliona. Maabara ya chuo ya kawaida inaweza kuanzia hapo. Na nchi zetu, ambazo huchimba dhahabu na kununua vipimo vya malaria kwa wingi, zina kila sababu ya kuwa na vijana wanaoijua kemia hii kwa mikono yao.

Nawaachia pia jambo la kufikiri, hata wale wasio wa maabara. Mtu akiwapa namba moja inayoeleza kitu chenye sehemu nyingi, iwe pH ya seli, uchachu wa shamba zima au hali ya afya ya wilaya, muulizeni imepimwa wapi, na kwa chombo chenye ukubwa gani. Klorokwini ilifanya kazi, na ikashindwa, katika chumba ambacho wastani wa damu ya mgonjwa haukukionyesha kamwe. Dawa zitakazofuata zitafanya kazi au zitashindwa katika vyumba vya namna hiyo hiyo, na tukiweza kuvipima mapema, tutajua mapema.